Nyumba Tunaishi Sisi, Karatasi Ina Jina Moja

SEHEMU YA 1

Wamama wa Manyamanyama, wamama wa Bunda, Butiama na Musoma, mliozoea nikiandika habari za kliniki, chanjo na kunyonyesha, leo mtashangaa kidogo. Leo naandika kuhusu viwanja na nyumba. Msikimbie. Mwisho wa habari mtaona kwamba ni habari ya kliniki ile ile.

Nianze na usiku mmoja. Sitaji jina, sitaji kijiji, na mambo mengine nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Mama wa mimba ya tatu kaletwa saa nane usiku, katikati kwenye bodaboda, mama mkwe nyuma kamshika. Uchungu ulianza magharibi. Wamehangaika kutafuta usafiri, dereva wa kwanza kakataa kwa sababu ya korongo, wa pili kakubali kwa hela ya mara tatu. Kafika amechoka, kajifungua, kisha damu ikaanza kutoka na haitaki kukata. Tulipambana, Mungu akasaidia, mama yupo hai na mtoto anatambaa.

Asubuhi nikamuuliza, "Mama, kwa nini mlijenga kule?" Akanijibu taratibu, "Nesi, mimi niliiona nyumba siku ya kuhamia."

Hilo jibu halijatoka kichwani mpaka leo. Kila siku tunalaumu wamama kwamba wanachelewa kufika. Tunawasema mbele za watu, wakati mwingine tunawagombeza. Lakini kuna kuchelewa kunakonunuliwa. Siku baba anapotoa hela ya kiwanja bila kumuuliza mama, siku hiyo hiyo ananunua na ile saa nane ya usiku.

Kwa hiyo nasema wazi, na wa kukasirika akasirike: NYUMBA ILIYONUNULIWA BILA MAMA KUIONA NA BILA JINA LA MAMA KUANDIKWA NI NUSU NYUMBA. Nitaeleza kwa nini. Tusiachane.

SEHEMU YA 2

Siku hizi kila mtu anatafuta kiwanja kijijini. Mjini bei imepanda, kodi inasumbua, mtu anaambiwa "nenda kule ndani ndani, bei chee, hewa safi, utafuga kuku, utalima mihogo." Sikatai. Mimi mwenyewe napenda kijiji. Mtoto anayekua anakimbia nje, anakula dagaa na mboga za bustani, ana bibi na shangazi wa kumwangalia, huyo kapata kitu ambacho hela ya mjini hainunui.

Ila tuulizane: hiyo bei chee, tofauti yake anailipa nani?

Kama maji yako mbali, baba halipi. Anayebeba ndoo kichwani na mimba tumboni ni mama, na binti anayechelewa shule. Kama hakuna zahanati karibu, anayembeba mtoto mgongoni na homa ya degedege ni mama. Kama choo hakichimbiki kwa sababu ni mwamba mtupu, na nyie mnajua mawe yetu ya Mara, anayejificha vichakani usiku ni mama na wasichana wake. Punguzo la bei huwa linalipwa polepole, miaka ishirini, kwa miguu ya mwanamke.

Ndiyo maana nasema mwanamke ndiye fundi wa kukagua nyumba. Mwanaume akienda kuona kiwanja anaangalia ukubwa, barabara ya gari na kama jirani ni mtu wa maana. Mama akienda anaangalia mambo mengine kabisa. Haya hapa ninayowaambia wamama wangu wayaangalie:

Njia. Usiende kuangalia kiwanja Julai au Agosti peke yake, kila korongo ni kavu na kila muuzaji ni malaika. Rudi masika, mwezi wa nne. Simama kwenye hilo korongo. Jiulize, je, pikipiki inavuka hapa usiku?

Maji. Muulize mama jirani, usimuulize muuzaji. "Kiangazi mnachota wapi?" Akikuambia ziwani au bwawani, basi kumbuka kichocho. Konokono wa kichocho anakaa kwenye maji ya pembezoni, na mdudu anaingia kwa ngozi wakati mtoto anaoga au mama anafua. Pwani ya Ziwa Victoria ni nzuri kuiangalia, lakini kuishi hapo kunataka maji mengine ya kutumia.

Choo na kisima. Choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kiwanja chembamba, chenye kisima cha jirani hapa na nyumba ya jirani pale, choo utaweka wapi? Ukikosa jibu kabla ya kununua, ukihamia hutalipata pia.

Mbu. Kanda ya Ziwa tunajua malaria inavyotusumbua. Mashimo ya tofali yaliyojaa maji, majaruba ya mpunga mlangoni, ziwa lenye magugu, vyote ni mbu. Haimaanishi usinunue. Inamaanisha bajeti ya nyavu za madirisha iingie kwenye bei ya nyumba, isiwe "tutaweka baadaye".

Wanyama. Kwa wanaonunua upande wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti, ulizeni tembo wanapita wapi na mwezi gani. Shamba la mihogo kwenye njia ya tembo si shamba. Na njia ya tembo si njia ya mama mjamzito usiku.

Zahanati. Mpango wa serikali wa afya ya msingi ulioanza 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Vijiji vingi wamejenga, kwingine boma bado lina nyasi ndani. Usiulize kama "zahanati ipo". Uliza kama inafunguliwa usiku, kama kuna anayezalisha, na rufaa inakwenda wapi.

Kutokwa damu kwingi baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama ndani ya saa 2. Saa mbili tu, wapenzi wangu. Pima kiwanja chako kwa hizo saa mbili kabla hujakipima kwa hatua.

SEHEMU YA 3

Wengine watasema nesi anajifanya mjuaji. Basi niwaambie ya kwangu, maana haya sikuyajifunza chuoni.

Miaka ile tunaanza maisha, mimi na mume wangu tulinunua kiwanja. Hela nusu yake, nusu yangu. Yangu ilikuwa mshahara na mkopo wa kikoba, niliulipa mwaka mzima nikila ugali na dagaa wa kukaanga bila mafuta ya kutosha. Siku ya kuandikiana nilikuwa zamu. Mume wangu akaenda na kaka yake, wakaandikiana na muuzaji kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, mhuri juu. Jina moja, la mume wangu. Sikulalamika, nilikuwa na furaha tu. Nikapika pilau.

Baada ya miezi kadhaa kaja mtu mwingine na karatasi yake. Kiwanja kile kile, muuzaji yule yule, tarehe kabla ya yetu. Kumbe tuliuziwa cha mtu.

Tukaenda kwenye shauri. Mimi nilikuwa na kumbukumbu zote: hela ilitoka lini, nani alihesabu, mipaka ilionyeshwa wapi, maana mimi ndiye niliyekwenda kukikanyaga mara tatu kabla. Nikasimama niseme. Nikaambiwa, "Mama, wewe ni nani kwenye karatasi hii? Kaa."

Nikakaa.

Sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile. Nazalisha wanawake, nashona majeraha, nasimamia wodi usiku mzima, halafu kwenye hela yangu mwenyewe mimi si mhusika. Na mume wangu siyo mtu mbaya, mniamini. Hakunificha kitu. Ni kwamba hakuna aliyemfundisha, na mimi sikumwambia. Tulidhani jina la mke kwenye karatasi ni jambo la watu wanaotaka kuachana.

Kiwanja kilipotea. Kilichofuata tulikwenda wote wawili, tukaandikwa wote wawili, tukapiga picha kwenye mpaka wa katani huku majirani wakicheka. Wacheke tu.

SEHEMU YA 4

Leo tusome sheria kidogo. Msiogope, nitaiongea kama tunavyoongea kwenye benchi la kliniki.

Kwanza, ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia na kilichopo juu yake. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili: Sheria ya Ardhi Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Ukiwa ndani ya Mji wa Bunda, kama hapa Manyamanyama, unashughulika na mtaa na ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Mji. Ukivuka kwenda kijijini, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Nimesema HALMASHAURI. Mwenyekiti peke yake na mhuri wake kwenye mfuko wa koti siyo halmashauri. Kuuziana ardhi ya kijiji kunahitaji kibali cha kikao, na kikao kina muhtasari.

Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi, kwa sababu tu ni mwanamke, haina nguvu. Inasema pia ombi la mwanamke lipokelewe sawa na la mwanaume. Na Baraza la Ardhi la Kijiji, lile la usuluhishi, lina watu 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Nenda kaulize kijijini kwenu hao watatu ni akina nani. Wakishindwa kukuambia, umepata jibu.

Tatu, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Haihitaji kesi wala ugomvi. Ni kusema tu siku ya kujaza fomu.

Nne, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani, haigawiwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mama, ukiletewa karatasi ya mkopo "weka sahihi hapa haraka, ni utaratibu tu", huo siyo utaratibu tu. Hiyo ni nyumba yako inaondoka.

Na kwa mama wa nyumbani anayesema "mimi sina hela niliyotoa": mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kupika, kulea, kufua, ni mchango. Lakini sikilizeni vizuri: Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgao wa nyumba siku ile, mahakama iliona hela aliyokwisha kupewa na mumewe ilitosha kuwa fungu lake. Nawaambia hili ili msilale mkisema "sheria itanilinda". Sheria inamsaidia anayeweza kuthibitisha, na uthibitisho rahisi kuliko wote ni jina.

SEHEMU YA 5

Baada ya sehemu zilizopita kuna wababa wameniandikia. Wengine kwa heshima, wengine nimefuta. Nawajibu wenye heshima.

"Nesi, mke akiandikwa atakuwa na kiburi." Ndugu yangu, huyu mwanamke amebeba watoto wako watano, analala na wewe, anakupikia, ungemwogopa angekuwa ameshakumaliza zamani. Unamwamini na tumbo lako, humwamini na karatasi?

"Mwanamke anaolewa, anahama. Ardhi ni ya ukoo." Sawa, shamba la ukoo liliachwa na babu, na lina taratibu zake. Lakini kiwanja ulichonunua juzi kwa hela ya pamba na mkopo wa mkeo, ukoo gani? Babu alikijua? Tusichukue heshima ya mila tukaifunikia jambo lililonunuliwa dukani.

"Kwetu Mara haijawahi kuwa hivyo." Kwetu Mara, kwetu kwetu kabisa, Wakurya wana nyumba ntobhu, mwanamke anayetoa ng'ombe na kuoa ili nyumba yake isizimike. Mnaweza kuipenda au msiipende, na mimi kama nesi nina maswali yangu juu ya mabinti wanaoingizwa humo. Lakini msiniambie wazee wetu hawakujua kwamba mwanamke anaweza kuwa mwenye mji. Walijua. Sisi tumesahau panapotufaa.

"Nikifa nyumba si itabaki kwake tu?" Hapa baba, kaa vizuri. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo makabila mengi ya ubabani bado yanazifuata, zinamwacha mjane mwenye watoto bila fungu lake mwenyewe. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto. Umeelewa? Ukiwa hai unasema "nyumba ni yetu". Siku ya arobaini ndugu zako wanakuja na daftari. Nimewaona wajane wanaletwa kliniki na presha, si kwa chumvi. Presha ya kuhamishwa. Mtoto wake wa miezi minne anaacha kunyonya vizuri, uzito unashuka kwenye kadi, na sisi tunaandika "lishe duni". Tungeweza kuandika "jina halikuwepo".

Na wamama wenzangu, nasi tusijisafishe. Wangapi kati yetu tunapeleka hela ya kikoba kimya kimya, tunasema "muandike wewe, mimi sina neno", halafu tunalia baada ya miaka kumi? Wangapi ni mama mkwe leo, na mtoto wetu wa kiume akitaka kumwandika mkewe, sisi ndio wa kwanza kusema amelishwa limbwata? Tukiwa wakwe tunasahau tulivyokuwa wake. Tuache.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Haya, tufanye nini? Naandika kwa mpangilio, hifadhini.

1. Mwende wote wawili kukiona. Mara mbili: kiangazi na masika. Mara moja iwe jioni giza linaingia. Mama mjamzito akishindwa kutembea kutoka barabarani mpaka hapo, hilo nalo ni jibu.

2. Ongeeni na majirani wa pande zote nne bila muuzaji na bila dalali. Waulizeni kama kuna mtu mwingine anayedai. Vijiji vyetu vingi vilipangwa upya wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu wakahamishwa, kwa hiyo usishangae kukuta familia iliyopewa na familia iliyokuwepo zamani, na kila mmoja ana hadithi yake.

3. Kijijini, ombeni kuona muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji kilichoridhia. Mjini, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkaulize namba ya kiwanja na kitalu kabla ya kutoa hata shilingi. Mhuri wa mtaa ni ushahidi kwamba mmeuziana, siyo hati. Wakiwatoza ada yoyote, ombeni risiti.

4. Muuzaji ana mke? Mke wake awepo na asaini. Nasema hivi kwa herufi kubwa moyoni: tukidai ridhaa yetu iulizwe, tusinunue nyumba ya mwanamke mwenzetu aliyefungiwa jikoni. Akilia siku ya kuandikiana, ondokeni.

5. MAJINA MAWILI. Kama hamjafunga ndoa, ndiyo kabisa yawe mawili. Sheria ya Ndoa inaweza kuwachukulia mlioishi pamoja miaka 2 kama mume na mke, lakini jamaa anaweza kulipinga hilo mahakamani, na wewe utahangaika na mashahidi. Jina halihitaji shahidi.

6. Nakala mbili. Moja isikae nyumbani. Piga picha ya karatasi, itume kwa dada yako.

7. Mkishapata mgogoro, msilipe "mtu wa kuwasaidia". Tangu 2021 Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayekuambia kata itakuhukumia umpe kitu kidogo, anakula hela yako.

8. Na mkishahamia, andikeni namba 115 ukutani karibu na mlango. Ni bure, ni ya usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Kila mtu nyumbani aijue, hata mtoto wa darasa la tatu.

Yule mama wa saa nane usiku nilikutana naye tena, mtoto wake akija kuchanjwa. Akaniambia wameamua kuuza kule, wanasogea karibu na barabara. Nikamuuliza, "Umekiona kiwanja?" Akacheka. "Nesi, safari hii mimi ndiye niliyekipima. Mume wangu alishika kamba."

Nikamuuliza, "Na jina?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Bado hatujaandikiana. Ni Jumamosi."

Jumamosi hii, wapenzi. Kama mpo mnaomjua mama wa namna hiyo, na nyote mnaye, mtumieni haya kabla Jumamosi haijafika.

Nesi wenu, nipo zamu ya usiku. Mwenye swali la mtoto aje kliniki, asisubiri nijibu hapa.